Mama Kivuko na Kundi la Tano

Bwera, Jumanne, 4 Februari 2025

Kwako Hardy, mtoto wa mama mdogo,

Wabukire, salamu ya kwetu. Sisi huku tuko wazima. Mama anakohoa kwa vumbi la malori ya mpakani, lakini anakula, na Jumapili aliimba kwaya mpaka sauti ikamkauka. Maharage yamenyauka kwa kukosa mvua. Mama yako Patience goti lake vipi? Mwambie dada yake anamuulizia, hata kama yeye haulizi.

Usishangae kuona karatasi. Umenitoa kwenye grupu, ukanifungia namba yangu, ukafunga na namba ya Baker wa magodoro niliyoazima. Karatasi haina kitufe. Siraje wa gari la vitunguu atakupa mkononi, na nimemwambia asitoke kwenye hilo banda lako la kutengeneza simu mpaka umeifungua.

Sasa nisikilize. Jumamosi mbili kila mwezi watu wanasikiliza hadithi ya *Wenye Nguvu wa Milimani* kwenye simu, kuanzia Kasese mpaka Beni, na hakuna anayemjua msimulizi. Ni sawa. Nyinyi mkaunda grupu la mashabiki, watu mia nne, mkaanza kuandika orodha ya nguvu za kila mhusika. Nalo ni sawa, kila mtu na starehe yake. Makundi yenu nayajua kwa moyo. La kwanza, nguvu ya kuzaliwa nayo, kama Mzee Radi. La pili, ya kurithi. La tatu, ya kufundishwa. La nne, ya kupewa na Mungu au na wazee waliotangulia. La tano, kafara: nguvu uliyoinunua kwa damu ya mtu wako. Mligombana miezi mitatu kama Kijana Moshi ni wa pili au wa tatu, na mimi nilicheka mpaka machozi.

Wiki iliyopita mmemweka Mama Kivuko kundi la tano, na wewe, msimamizi wa orodha, ndiye uliyebandika.

Usijifanye hujui. Sehemu ya kumi na nne: mto umefura mchana kweupe. Watoto wamekwama kwenye mawe. Mwanamke anaingia majini mpaka kifuani, anasimama, midomo inacheza, na watoto tisa wanavuka mbele yake mmoja mmoja. Akigeuka, wa kumi, mtoto wake mwenyewe, hayupo. Hiyo ni Bulembia, Hardy. Huo ni mto Nyamwamba, miaka kumi na miwili iliyopita. Huyo ni Mama yangu Kaswera, na huyo wa kumi ni Bénit wetu, aliyekuwa na miaka mitano. Walisema Mama alimtoa kafara. Walipiga mawe bati letu mpaka tukahamia Bwera na masufuria mawili. Leo mmemwandikia tena, na mmepiga na kura.

Nataka mambo mawili. Mtoe kundi la tano. Na uniambie: alikuwa anasema nini mle majini? Mimi nilikuwa shule ya bweni. Mama hajanieleza hata siku moja, na nikimuuliza anaanza kufagia. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa miongoni mwa wale tisa.

Dada yako,
Kavira


Bulembia, Jumapili, 23 Februari 2025

Kwa yaya Kavira,

Salamu kutoka chini ya mlima, dada yangu mkubwa. Mama Patience goti linamsumbua asubuhi tu, jua likichomoza linalainika. Kuku wetu wameugua, wamebaki watatu. Kasese mjini joto ni lile la kukaangia mayai juu ya kofia, wateja wanaleta simu zimevimba betri. Nimechelewa kujibu kwa sababu Siraje alikaa na barua yako siku kumi na mbili chini ya kiti cha gari. Alipoileta ilinuka vitunguu, akasimama mlangoni mbele ya wateja wangu akisema, "Fungua, mzee, nimeambiwa nisitoke." Umeniaibisha.

Kwanza, sikukutoa kwenye grupu kwa sababu ya maoni. Nilikutoa kwa sababu ulimwita Davis wa Kabatoro kichwa cha kambare mbele ya watu mia nne. Davis ndiye aliyetunga sheria ya tisa, na sheria ya tisa iko wazi: nguvu ikifanya kazi, na siku hiyohiyo mtu wa nyumba ya mwenye nguvu akapotea, hiyo ni kafara mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tuliitumia kwa yule mganga wa sehemu ya sita na hukulalamika. Uliweka hata alama ya kidole gumba. Mkuki kwa nguruwe, yaya.

Tulipiga kura. Mia mbili thelathini na moja walisema kundi la tano, sitini na wanne walisema la nne. Salmah wa Katwe alipendekeza la tatu, kwamba huenda mwanamke alifundishwa mambo ya maji, tukamwambia alete ushahidi kutoka kwenye hadithi yenyewe, hakuwa nao. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi. Hatutazami sura ya mtu. Ukianza kubadilisha orodha kwa sababu mhusika anafanana na shangazi wa fulani au mama wa fulani, kesho hakuna orodha.

Na hadithi ni hadithi. Msimulizi labda ni mtu wa Goma, labda wa Kampala, hamjui Mama Mkubwa. Mito inafura kila mahali. Watoto wanakufa kila mahali.

Kuhusu alichokuwa akisema, nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikumbuki.

Mama anakusalimu. Amesema usiandike kwa hasira, hasira inakula mwenyewe. Mimi niko sawa, ila natembea sana. Lile daraja la mbao la karibu na nyumbani silipiti, nazunguka kwa juu, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi.

Mdogo wako,
Hardy


Bwera, Ijumaa, 7 Machi 2025

Hardy,

Hatujambo. Mvua imenyesha mara moja, ikajuta. Binti wa jirani amejifungua pacha. Nimemaliza salamu.

Unaandika kama karani wa korti. Sheria ya tisa! Nitakuambia sheria ya tisa imefanya nini huku, kisha uniwekee kwenye orodha.

Unajua Mama anafanya nini Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe. Wanawake wanaouza wanamwachia watoto. Anatandika mkeka mkubwa nyuma ya kanisa, anawalisha uji, anawaimbia, jioni kila mmoja anarudishwa kwa mama yake akiwa amenawa uso. Mwezi wa kwanza mwaka huu walikuwa watoto kumi na tisa. Ni kazi yake, na pia ndicho kitu pekee kilichomrudisha kwa watu baada ya Bénit. Miaka mitatu ya kwanza hakuweza kumshika mtoto wa mtu.

Basi mwanamke mmoja anaitwa Rusi, anauza dagaa, kwao ni Bulembia kama kwetu. Anasikiliza hadithi. Akaona orodha yenu kwenye simu ya mtu: Mama Kivuko, kundi la tano, kafara. Akapiga mkono pajani katikati ya soko. "Eh! Uyu namujua! Uyu ni Mama Kaswera, ule alitoa mutoto wake kwa muto! Na sisi tunamuachia watoto yetu!" Ijumaa iliyofuata watoto walikuwa kumi na mmoja. Jumanne, sita. Leo wawili, na mmoja ni wa mgeni aliyeshuka na basi, hajui kitu.

Mama alikaa kwenye mkeka na wale wawili kana kwamba hakuna lililobadilika. Uji alipika wa watoto kumi na tisa. Nilimsaidia kuumwaga.

Jioni akaniuliza, "Kavira, iyi kundi ya tano beko wanasema, ni nini?"

Nikamwambia ni mchezo wa vijana, wanapanga nguvu za watu wa hadithi.

"Na mimi niko mutu wa hadisi?"

Nikachukua sufuria la uji nikaenda kulisugua, Hardy. Kwa sababu msimulizi si mtu wa Goma wala wa Kampala. Msimulizi ni mimi. Narekodi Jumatano mchana nyuma ya duka la Baker, katikati ya magodoro, maana pale hata lori likipita halisikiki. Ndiyo, mimi. Mzee Radi nilimbuni, Kijana Moshi nilimbuni. Mama Kivuko sikumbuni. Nilitaka mtu mmoja, hata mmoja, amsikie mama yangu akiingia kwenye yale maji na aseme: huyu alikuwa na nguvu. Nilidhani nikiweka milima na radi pembeni watu watamwona vizuri. Nikawapa mama yangu mkononi, na nyinyi mkamrudisha palepale walipomwacha wale wa mawe.

Nilisema midomo ilicheza kwa sababu sijui ilisema nini. Ndilo tundu mlilopitia. Davis wenu ameandika kwamba midomo inayocheza bila sauti ni dalili ya mapatano. Nikiwa na yale maneno nitaliziba. Kwa hiyo nauliza mara ya pili, na usiniambie hukumbuki. Ukiwa na miaka kumi na mmoja ulikumbuka majina ya wachezaji wote wa timu ya mgodi na namba za migongo yao.

Kavira


Bulembia, Jumapili, 30 Machi 2025

Yaya,

Mama Patience ni mzima. Kuku wamekufa wote.

Kumbe ni wewe. Nimeisoma barua mara nne, nikaenda kusikiliza sehemu ya kumi na nne tena, na ni wewe kweli, kuna mahali unavuta pumzi kama ulivyokuwa unavuta ukituhadithia tulipokuwa wadogo. Nimekaa miezi yote hii nikimsifu mtu huyo mbele ya watu mia nne. Nimetetea kila neno lake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Unanikasirikia mimi? Nani alikutuma? Ulimuuliza Mama Mkubwa kabla ya kumtia kwenye simu za watu? Ulimuuliza mama yangu, ambaye alibaki hapa Bulembia peke yake na watu wakimtemea mate kwenye mtaro kwa sababu ni dada wa yule mwanamke? Miaka kumi na miwili tumenyamaza, majani yakaota juu ya jambo lile. Wewe umekuja na jembe. Umefukua, harufu imetoka, halafu unatafuta nani amejamba.

Sisi tulipewa hadithi, tukaipanga kwa yaliyomo. Kama msimulizi hajui mhusika wake alisema nini, hilo si kosa la waorodheshaji. Ulikwenda kusimulia mto usiouona. Hukuwepo! Hujui maji yale yalivyokuwa na sauti. Yalikuwa yanabeba mawe, yaya, mawe yanagongana chini kama magari. Hukuyasikia, hukulowa, hukuwa na baridi, umekaa kwenye magodoro.

Nimefunga mjadala wa Mama Kivuko. Hakuna atakayeandika tena juu yake, wala kundi la tano wala la nne. Anabaki alipo mpaka hadithi ilete jipya. Zaidi ya hapo siwezi.

Na usiniulize tena swali lile. Nakuomba kama ndugu.

Hardy


Bwera, Ijumaa, 11 Aprili 2025

Hardy,

Salamu kwa mama mdogo.

Ni kweli sikumuuliza Mama. Hilo ni langu, nitalibeba. Nilipomwambia kwamba msimulizi ni mimi, hakunigombeza, aliniuliza tu kama nilikula. Ningependa anipige.

Leo mkeka ulikuwa mtupu. Alitandika, akakaa, saa kumi akakunja.

Umeniandikia kuhusu maji, mawe na baridi. Kwa mtu asiyekumbuka, unakumbuka vizuri. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtoto aliyeokolewa na Mama ndiye anayebandika kafara juu ya jina lake. Davis simlaumu, Davis ni mtu wa machimbo ya chumvi ya Kabatoro, hamjui Mama. Wewe umekula mkononi mwake. Mama ameniuliza jana kama bado unauma kucha. Kwa nini ananiuliza juu ya kucha zako, Hardy?

Sehemu ya ishirini itatoka Jumamosi ya tarehe tatu mwezi wa tano. Ndani yake kuna mvulana wa miaka kumi na mmoja, ndiye wa mwisho kuvuka. Sijui alifanya nini. Niambie, au nitabuni, na unajua mimi nikibuni nabuni.

Kavira


Bulembia, Alhamisi, 1 Mei 2025

Kwa yaya Kavira, na kwa Mama Mkubwa kama utamsomea,

Nawasalimu wote wawili. Mama Patience anajua ninachoandika, amekaa hapa mlangoni anachambua mchele na hainui kichwa. Leo ndiyo tarehe yenyewe ya mto, unajua. Siraje ameapa barua itafika kabla ya Jumamosi, safari hii ameiweka ndani ya shati.

Alikuwa anaita majina. Ndiyo maneno yenyewe, hakuna mengine. Maji yalipotukatia njia tulikuwa watoto kumi kwenye mawe, wengi wa majirani, na njia ya kutoka ilikuwa lile bomba la zamani la mgodi lililolala juu ya maji. Lilikuwa linacheza. Lingebeba mtoto mmoja tu kwa wakati, na upande wa juu lilikuwa limepasuka, maji yanalipiga. Mama Mkubwa aliingia akasimama upande huo, mgongo wake ukayapasua maji ili bomba litulie. Lakini watoto walikuwa wanataka kukimbilia bomba wote. Hakuwa anayajua majina yao ya ubatizo. Basi akawaita kama tunavyoitwa sote huku, kwa zamu ya kuzaliwa: "Baluku!" Akavuka mzaliwa wa kwanza wa nyumba moja. "Bwambale!" Akavuka wa pili wa nyumba nyingine. "Masereka! Masika! Biira! Thembo!" Akiita jina wakageuka wawili, anaonyesha kwa kidevu. Sauti ilikuwa imemkauka, hivyo watu wa ng'ambo waliona midomo tu, na waliokuwa karibu walisikia majina yanapangwa kwa mfuatano, kama mtu anayekabidhi mbuzi.

Mimi na Bénit alituweka nyuma. Kabla ya kuingia majini alichukua mkono wa Bénit akautia ndani ya mkono wangu. Akasema, "Wewe ni mukubwa. Nikikuita wewe, mutakuja wawili. Usimuachilie." Kwa hiyo hakumwita Bénit. Aliniita mimi tu.

Tulifika katikati. Maji yakapanda mpaka magotini, bomba likageuka kidogo. Nilihitaji mikono miwili, yaya. Nilimwachilia.

Baada ya siku tatu wazee wa kijiji walikaa barazani kwa Mzee Kezironi, na mimi nikaitwa kwa sababu nilikuwa wa mwisho kuvuka. Kezironi akaniuliza, "Alikuwa anafanya nini pale majini?" Nikasema, alikuwa anaita watoto kwa majina, mmoja mmoja. Watu wakatazamana. Akaniuliza, "Mutoto yake alimuita?" Nikasema hapana. Hakuniuliza jingine. Nilisema kweli mara mbili, na kwa kweli hizo mbili mkapigwa mawe. Nilikaa pale nikisubiri mtu aniulize kwa nini hakumwita. Hakuna aliyeuliza, nikamshukuru Mungu.

Davis alipoleta sheria ya tisa niliiona ni sheria nzuri sana. Ilikuwa inasema tena kwamba ni yeye, si mimi. Nikabandika kwa mkono wangu huuhuu.

Jumanne nilikwenda kwa Mzee Kezironi, sasa haoni vizuri, nikamwambia yote. Akasema, "Ulikuwa mutoto. Sisi tulikuwa watu wazima." Jana nikarekodi sauti, nikaituma kwenye grupu, nikasema jina langu, jina la Mama Mkubwa na la Bénit. Nilisema mkono wa nani ulikuwa umemshika, na ni nani alimwachilia. Nimewaomba waisambaze mpaka Mpondwe. Halafu nikamfuta Mama Kivuko kwenye orodha. Davis ameniuliza kwa sheria gani, nikamwambia kwa sheria kwamba ni mama yangu mkubwa. Amesema hiyo si sheria. Usimamizi nimemwachia Salmah.

Kama Mama Mkubwa akitaka, atuambie mwenyewe ni kundi gani, Salmah ataandika atakavyosema. Na kwenye sehemu ya ishirini usibuni. Mpe yule mvulana jina langu.

Hardy


Bwera, Jumanne, 20 Mei 2025

Kwako Hardy,

Tumeamka. Mvua sasa ni nyingi mno, mto Lhubiriha umekuwa wa udongo na watu wa forodhani wanautazama kila saa. Mama hakohoi tena. Pacha wa jirani wamebatizwa, Mama ndiye aliyefua nguo zao nyeupe. Umesikia sehemu ya ishirini haikutoka. Wasikilizaji wananitukana, wacha watukane.

Nilimsomea Mama barua yako Ijumaa ile ilipofika. Alikuwa anakunja vitambaa. Nilipofika kwenye mkono aliacha kukunja, nilipofika mwisho akaanza tena. Nikasubiri alie. Akasema, "Nilikuwa najua."

Nikamuuliza, ulijua nini?

"Niligeuka nikamuona. Alikuwa amesimama ku bomba, mukono yake moja ameinyoosha, vidole vingali vimefunga. Hapana kitu ndani. Nilijua."

Hardy, nilimpigia kelele mama yangu. Sijawahi. Nilimwambia, ulijua ukawaacha wakuite mchawi? Tulipoteza nyumba! Mimi niliacha shule, nikaja kufungasha vitunguu vya watu nikiwa na miaka kumi na minne! Ungefungua kinywa mara moja tu! Alinitazama kwa utulivu ule unaoniudhi, akasema, "Na ule mutoto wangemufanya nini? Mimi niko mutu mukubwa, nilihama. Yeye angehamia wapi?"

Nimekasirika hata hivyo. Nina hasira na wewe, kwa lile la barazani kuliko lile la bomba. Bomba nalielewa, nimejaribu kulitazama kwa macho ya mtoto na nimelielewa. Lakini ulikuwa na kumi na mmoja mara moja tu. Ukawa na kumi na tano, ukawa na ishirini, ukawa na ishirini na tatu na ukabandika kafara. Hasira hiyo haijaisha na sitakudanganya kwamba imeisha. Nina hasira na Rusi pia. Alikuja Jumanne iliyopita na mjukuu mgongoni na sahani ya dagaa, amesikiliza sauti yako, akasema shikamoo kwa Mama mara tatu. Mama akampokea mtoto kama vile hakuwahi kuondolewa. Leo walikuwa tisa kwenye mkeka. Bado si kumi na tisa.

Nilimpelekea Mama swali lako la kundi. Nikamtajia yote matano, polepole. Akasema, "Waandike kwamba niliogopa." Nikamwambia hakuna sehemu ya kuandika hivyo. Akasema basi waache.

Sehemu ya ishirini nilikuwa nimeirekodi na jina lako ndani, kama ulivyotaka. Nikamsikilizisha kwanza, safari hii nimejifunza. Alisikiliza mpaka kwenye bomba, akaniambia nizime. Jina amelikataa. Kwa hiyo yule mvulana hana jina, na nitarekodi upya.

Ana ujumbe kwako, nauandika kama alivyousema bila kuongeza changu. Mwezi ujao wanahamisha mkeka, Padri ametupa chumba upande wa pili wa barabara ya mpakani, ile ya malori. Watoto watakuwa wanavushwa asubuhi na jioni, na yeye mikono yake ni miwili tu. Anataka uje, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa sita, umsaidie kuwavusha. Nikamuuliza, Mama, Hardy? Akasema, "Hardy. Nitamupa wale wadogo."

Njoo na Mama Patience. Panda na Siraje, vaa nguo isiyojali vitunguu. Mama atatangulia na wakubwa, wewe utafuata na wadogo, umewashika. Mimi nitatembea nyuma yako, na sitatazama malori. Nitatazama mikono yako.

Dada yako,
Kavira